Taa Nyekundu katika Milima ya Kigezi

Barabara itokayo Kampala kwenda Kisoro ina urefu unaokaribia kilomita 500, nayo ina desturi ya kumlaghai mgeni. Kwa zaidi ya nusu ya safari haimtaki dereva kitu ila subira. Hupita kandokando ya vinamasi vya Ziwa Viktoria, hukata mstari wa Ikweta pale Kayabwe, huvuka bonde la mto Katonga, kisha hupanda taratibu hadi Masaka na kuelekea magharibi katika nchi ya malisho na ng'ombe. Gari lolote ambalo injini yake inawaka na magurudumu yake yanazunguka laweza kufika Mbarara. Lakini likishapita Ntungamo, barabara huanza kuulizia habari za breki, tena huuliza kwa namna isiyokubali jibu la uongo.

Kampala iko kwenye kimo cha karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kabale uko karibu mita 2,000. Na kati ya Kabale na Kisoro kuna mwanya wa Kanaba, karibu mita 2,500, ambapo barabara hupenya kati ya vilele na kuanza kuteremka kona kwa kona hadi chini ya milima ya volkeno. Aendaye huko kwa gari jipya hutazama mandhari. Aendaye kwa gari kuukuu hana budi kuitazama dashibodi pia.

Miongoni mwa hao wa pili ilikuwamo familia ya sajini mmoja wa polisi, iliyoondoka katika kambi mojawapo ya Kampala saa kumi za alfajiri, Ijumaa moja ya mwezi wa Desemba. Ndani ya gari walikuwamo sajini mwenyewe, mkewe, watoto wao wawili, na mpwa wake aliyekuwa amemaliza mtihani wa shule. Safari hiyo haikuwa ya matembezi. Dada mdogo wa sajini alikuwa anaposwa rasmi siku ya pili yake huko Kisoro, na kwa vile baba yao alikwisha fariki, ilimpasa sajini kuketi na wazee Ijumaa jioni ili aseme neno la nyumba yao. Ng'ombe wangetajwa jioni hiyo.

Gari lao lilikuwa Toyota Corona ya mwaka 1994. Magari ya rika hilo yangali mengi katika barabara za Uganda, ingawa hayataongezeka, maana tangu mwaka 2018 sheria imekataza kuingiza nchini gari lililopita miaka 15 tangu kuundwa. Yaliyopo ni wazee wanaotunzwa. Na mzee, kama ijulikanavyo, haugui bila dalili, isipokuwa dalili zake hudharauliwa kwa kuwa watu wamezoea kumsikia akilalamika.

Kabla ya kuondoka, sajini aligeuza ufunguo hatua moja bila ya kuwasha injini, taa zote za dashibodi zikawaka, na ile nyekundu ya breki ikiwa mojawapo. Aliposhusha breki ya mkono baada ya injini kunguruma, taa hiyo ikazimika. Jambo hilo ni dogo lakini lina maana kubwa. Taa ambayo haiwaki kabisa ufunguo unapogeuzwa ni taa iliyoungua au iliyong'olewa, na dereva aliye nayo husafiri na mlinzi aliyelala. Wanunuzi wa magari yaliyotumika wangefanya vyema kuanza ukaguzi wao hapo kabla ya kupiga teke magurudumu na kusifu rangi.

Kulipopambazuka walikuwa wamepita Kayabwe. Watoto waliitazama ile duara nyeupe ya Ikweta ambayo wageni hupigia picha, kisha wakaendelea kwenye bonde la Katonga. Mahali hapo panafaa kukumbukwa, kwa kuwa mwezi wa Mei 2023 mafuriko yaliharibu kivuko cha mto huo, na magari ya magharibi yakalazimika kuzungukia Mpigi na Sembabule. Waliposimama Lukaya, wauzaji waliovaa makoti yao waliwakimbilia na vijiti vya nyama, kuku wa kuchoma, na ndizi za gonja zilizokuwa bado zinatoa moshi. Mke wa sajini alinunua gonja za shilingi chache, akakataa kuku, na gari likaondoka kwa kishindo ili kutangulia basi lililokuwa likitokea nyuma.

Hapo ndipo taa nyekundu ilipokonyeza mara moja, ikazima.

Sajini hakuiona, kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye kioo. Aliyeiona ni mkewe. "Baba watoto, ile nyekundu imewaka." Sajini aliangalia, hakuona kitu, akaivuta breki ya mkono kidogo na kuisukuma chini kwa nguvu, akasema kuwa ni mtikisiko tu wa ile swichi. Jibu lake halikuwa la kipuuzi. Taa hiyo moja hutumikia mabwana wawili au zaidi. Waya mmoja hutoka kwenye swichi iliyo chini ya breki ya mkono. Mwingine hutoka kwenye kopo la mafuta ya breki lililo chini ya boneti, ambamo huelea boya dogo. Mafuta yakishuka, boya hushuka nayo, swichi hufunga, na taa huwaka. Dereva aketiye mbele ya dashibodi hawezi kujua mara moja ni bwana yupi aliyepiga kengele. Breki ya mkono iliyolegea ndiyo huwa kisingizio cha kwanza, kwa sababu haina gharama.

Kutoka Masaka hadi Mbarara taa haikuonekana tena. Barabara ilikuwa nyoofu, Lyantonde ikapita, na karibu na Sanga watoto wakawaona punda milia wakila majani si mbali na lami, maana hapo ndipo ukingo wa Hifadhi ya Ziwa Mburo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Wanyama hao hula pamoja na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu kama matao, na mgeni huweza kudhani kuwa wana mchungaji mmoja. Mbarara walikunywa chai ya maziwa mazito. Hakuna aliyefungua boneti. Sajini alikuwa anahesabu saa.

Baada ya Ntungamo nchi ilibadilika. Vilima vilivyokuwa mbali vilisogea, migomba ikapanda juu ya miteremko, na hewa iliyoingia dirishani ikawa baridi. Barabara ilipoanza kupanda, taa nyekundu iliwaka. Safari hii haikukonyeza, bali ilikaa imewaka mfululizo muda wote wa kupanda, ingawa lami ilikuwa laini na gari halikutikisika. Walipofika juu na kuanza kuteremka, ikazimika. Wakapanda tena, ikawaka. Wakateremka, ikazimika.

Sajini akapumua. "Unaona? Kwenye mteremko haina shida."

Kosa hilo la kufikiri limewapata wengi, na linastahili kuelezwa kwa utulivu. Mafuta ya breki ndani ya kopo hufanya kama maji ndani ya sufuria iliyoinamishwa. Katika gari kama hilo, ambalo boya lake liko upande wa mbele wa kopo, pua ya gari ikiinuka mafuta hukimbilia nyuma na kuliacha boya pakavu. Pua ikiinama mafuta hurudi mbele na kuliinua boya. Kuondoka kwa kishindo, kama pale Lukaya, huyasukuma mafuta nyuma vilevile. Kwa hiyo taa iliyowaka mlimani na kuzimika mteremkoni ilikuwa inasema jambo moja tu: mafuta yamepungua. Haikusema kwamba mteremko ni salama. Kwa bahati mbaya ilinyamaza mahali pale pale ambapo breki huhitajiwa kuliko mahali pengine pote. Katika gari ambalo boya lake limewekwa upande wa nyuma mambo huwa kinyume, na onyo huja wakati wa kuteremka au kufunga breki, jambo ambalo huwatia watu hofu mapema, na pengine ndiyo heri.

Katika mteremko wa tatu mke wa sajini aliacha kuiangalia taa, akaanza kuuangalia mguu wa mumewe.

"Baba watoto, mbona unakanyaga mara mbili?"

Sajini hakujibu. Kanyagio lilikuwa likishuka zaidi ya kawaida yake, na kukanyaga mara ya pili kulilirudisha juu. Mke hakurudia swali. Alisema tu kuwa watoto wana njaa, na kwamba Muhanga si mbali. Kwa maneno hayo alimpa mumewe sababu ya kusimama isiyomvunjia heshima, na sajini akashusha giya na kwenda polepole mpaka kwenye kituo hicho kidogo cha biashara kilicho kando ya barabara ya Kabale.

Muhanga ni mahali ambapo magari ya mizigo hupumzika kati ya mlima na mlima. Kuna maduka ya viazi, kuna wachuuzi wa kabichi kubwa kuliko kichwa cha mtu, na kuna vijana wasiokosa spana mfukoni. Watatu kati yao walilizunguka gari kabla injini haijazimwa. Mmoja alisikiliza habari za taa akacheka. "Afande, hiyo kitu ndogo sana. Tunachomoa plagi ya pale juu ya kopo, taa inakufa, unafika Kisoro na jua lingalipo." Alitaja bei ambayo haikuzidi ya chupa mbili za soda.

Saa ilikuwa saba na robo. Wazee wa Kisoro wangeketi saa kumi na moja. Sajini aliweka mkono mfukoni.

Mkewe alikuwa amekwisha kushuka na watoto. Alimwuliza mwuza viazi ni nani anayetengeneza malori hapo, si taksi, akaoneshwa mzee mmoja aliyeketi chini ya mti wa mkaratusi nyuma ya duka. Mzee huyo alikuwa dereva wa jeshi zamani, na alipoambiwa kwamba mwenye gari ni afande wa polisi, alisimama, akajifuta mikono, akaja. Sajini ni Mfumbira na mzee ni Mkiga, lugha zao za nyumbani ni jirani. Lakini walizungumza Kiswahili, kile cha kambini, ambacho watu wa magwanda hukirudia kila wanapokutana.

Mzee hakugusa kitu kwanza. Aliuliza maswali mawili: taa inawaka wakati gani, na kanyagio likoje. Alipopata majibu, aliomba boneti ifunguliwe na gari lisogezwe mahali pa tambarare.

Alichofanya baadaye kiliwafurahisha wale vijana, kwa kuwa alichomoa ile plagi waliyotaja wao. Taa, iliyokuwa inawaka sasa hata kwenye tambarare, ikazimika. "Haya," akasema mzee, "sasa tunajua kwamba mlalamikaji ni kopo, si breki ya mkono." Kisha akairudisha plagi mahali pake, taa ikawaka tena. Mkono uliofanya uchunguzi ulifanya kitendo kile kile ambacho kingefanywa na mkono wa kuficha ugonjwa. Tofauti ilikuwa kwenye kuirudisha.

Kopo lenyewe ni la plastiki ya kupitisha mwanga, nalo lina mistari miwili ubavuni, wa juu na wa chini. Mafuta yalikuwa chini ya mstari wa chini. Mzee aliupangusa mfuniko kwa kitambaa safi kabla ya kuufungua, kwa kuwa chembe ya vumbi ikiingia humo huenda hadi kwenye raba na kuzikwaruza. Akaangalia boya kwa kulibonyeza na kidole, akaona linaelea vizuri. Maboya mengine hunywa mafuta kwa miaka mingi hata yakazama, na taa huwaka ilhali kopo limejaa. Hilo ni tatizo la kopo peke yake, na halihusu breki.

Kijana yule akatoa chupa ya mafuta ya breki, akasema basi tujaze. Mzee akamzuia. Mafuta ya breki hayaungui kama petroli wala hayaliwi na injini. Yakipungua, yamekwenda mahali fulani, na mahali hapo ni pawili tu. Ama yameshuka kwenye silinda za magurudumu kwa sababu pedi zimelika, na hilo ni jambo la kawaida linalotokea kidogo kidogo kwa miezi mingi. Ama yamemwagika nje. Anayejaza kopo bila ya kuuliza yamekwenda wapi huizima taa, na maradhi huendelea gizani.

Basi wakapiga jeki. Magurudumu ya mbele yalikuwa na diski, na pedi zake zilikuwa bado nene, zaidi ya nusu ya upya wake. Kwa hiyo kisa cha kwanza kikaondolewa. Mzee akainama na kupapasa upande wa ndani wa kila gurudumu, kisha mipira ya mabomba, kisha chini ya masta silinda pale inapoungana na ukuta wa injini. Palikuwa pakavu. Alipofika gurudumu la nyuma la kushoto, vidole vyake vilirudi na unyevu mweusi. Akavinusa, akamnusisha mpwa wa sajini. Si oili ya injini, si grisi, si maji ya matope. Dramu ilipofunguliwa, ilionekana dhahiri: raba ya silinda ndogo ya ndani ilikuwa imepasuka kwa uzee, na mafuta yalikuwa yakitiririka juu ya vipande vya breki kila kanyagio lilipokanyagwa. Kila mlima uliopandwa na kuteremkwa tangu Ntungamo ulikuwa umepunguza matone kadhaa.

Mzee akamwambia sajini kwa sauti ya chini, lakini mke alisikia. "Afande, ungefika Kabale labda. Kanaba usingeshuka nayo."

Hapo ndipo bei ilipokuwa kubwa, si ya fedha peke yake. Silinda ilipaswa kuletwa kutoka Kabale. Vipande vya breki vilivyolowa haviwezi kufutwa vikaaminika, kwa hiyo vilihitajiwa vipya, tena vya magurudumu yote mawili ya nyuma, maana gari lenye breki mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili huvutwa kombo linapofunga. Fedha zilizokuwapo zilikuwa za zawadi. Mke wa sajini alifungua kitambaa chake, akatoa zile zilizotengwa kwa ajili ya gomesi ya mama mkwe, akazihesabu mbele ya mumewe, akampa dereva wa taksi iliyokuwa ikielekea Kabale, pamoja na ile silinda mbovu iliyofungwa kwenye gazeti ili duka lisikosee kipimo. Namba ya taksi aliiandika kwenye kiganja cha mwanawe. Mke wa polisi hujifunza mambo.

Sajini alikwenda kando ya barabara na simu yake, akampigia baba yake mdogo. Alizungumza kwa muda mrefu huku ameyapa magari mgongo.

Vipuri vilifika saa kumi na moja kasoro. Wakati wa kungoja, mzee alieleza mambo mengine ambayo familia za magari kuukuu zingepaswa kuyajua, na aliyaeleza bila mpango, kwa kadiri yalivyomjia. Kwamba katika baadhi ya magari ya Kijapani ya zamani, taa ya breki ikiwaka pamoja na taa ya betri, huenda breki hazina kosa lolote, na mgonjwa ni alteneta. Kwamba magari ya miaka ya 1970 yenye mabomba ya breki ya njia mbili mara nyingi yana swichi inayohisi njia moja ikikosa nguvu, na taa ya hayo ikiwaka mtu asisubiri kilima cha pili. Kwamba katika gari lenye klachi ya mafuta linalotumia kopo moja na breki, uvujaji unaweza kuwa wa klachi. Na kwamba mtu asitie kamwe oili ya injini wala maji ndani ya kopo la breki kwa kuishiwa: oili huzivimbisha raba zote hadi masta silinda, na maji huchemka.

Juu ya kuchemka alikaa kidogo. Mafuta ya breki ya kawaida, yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Lakini yana kiu. Hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na yakishanywa maji ya kutosha kiwango hicho huweza kushuka hadi kwenye nyuzi 140. Dereva ateremkaye Kanaba kwa giya ya juu, mguu juu ya breki muda wote, huzipasha moto diski zake hata mafuta hayo yachemke, mapovu yaingie katika mabomba, na kanyagio lizame kama sponji. Kwa ajali ya namna hiyo taa nyekundu haitoi onyo, kwa maana kopo limejaa. Dawa yake ni kubadili mafuta kila baada ya miaka miwili, na kuteremka kwa giya ya chini ili injini ilishike gari. Madereva wa malori wa Kigezi wanalijua hili, ndiyo sababu mtu husikia injini zao zikiguna mteremkoni kabla hajaziona.

Silinda ilipofungwa, kazi ya kutoa hewa ilimpata mpwa. Aliketi kwenye usukani akakanyaga, akashikilia. Mzee akafungua chuchu ya silinda, mapovu yakatoka kupitia mpira mwembamba hadi ndani ya chupa ya kioo. Akafunga, kijana akaachia. Wakarudia mara nyingi. Mke wa sajini ndiye aliyesimama kwenye boneti na kuongeza mafuta kila yaliposhuka, kwa kuwa kopo likikauka katikati ya kazi hiyo hewa huingia upya na kazi huanza tangu mwanzo. Tone lililoangukia rangi ya gari aliliosha kwa maji mara moja, maana mafuta hayo hubabua rangi. Na chupa iliyobaki hakuipeleka karibu na chakula. Ni sumu, na rangi yake ya manjano hafifu huwadanganya watoto. Nyumba nyingi hufanya hatari ya kuiweka kwenye chupa ya soda.

Saa moja usiku gari lilikuwa tayari. Kanyagio lilisimama juu, gumu. Mzee alitaka ujira mdogo kuliko ilivyotazamiwa, akaongezewa viazi. Usiku huo walilala Kabale, katika baridi ambayo watoto wa Kampala hawajaizoea, na wakati huohuo huko Kisoro wazee waliketi, baba mdogo akasema neno la nyumba.

Jumamosi waliondoka kabla ya saa kumi na mbili. Ukungu ulikuwa umelala katika mabonde, na matuta ya mashamba yaliyochongwa vilimani kama ngazi yalionekana nusu nusu. Barabara huizunguka ncha ya kaskazini ya Ziwa Bunyonyi pale Muko, kisha huingia katika msitu wa Echuya, wenye mianzi mingi, ambamo hata Desemba mtu hufunga dirisha. Taa nyekundu haikuwaka, wala katika kupanda wala katika kushuka. Pale Kanaba sajini alisimamisha gari. Mbele yao, juu ya wingu, vilitokeza vichwa vya Muhabura wenye mita 4,127, Mgahinga, na Sabinyo, mlima ambao juu yake Uganda, Rwanda na Kongo hukutana. Muhabura maana yake ni mwonyesha njia. Wasafiri wa kale waliutazama huo. Kisha akatia giya ya pili, na gari likateremka likiguna kama lori hadi Kisoro.

Waliwasili saa tatu. Mambo yalikuwa yamekwisha. Ng'ombe waliokubaliwa walikuwa pungufu kwa wawili kuliko wale ambao marehemu baba alikuwa akiwataja wakati wa uhai wake, na baba mdogo alieleza sababu zake kwa maneno mengi. Sajini alimsikiliza, akamshukuru, akanyamaza muda mrefu. Mama mkwe alipoambiwa habari za gomesi alilitazama gari, akawatazama wajukuu, akauliza kama wamekula.

Walikaa Kisoro siku tatu. Soko la mji huo hukusanya watu wa pande zote za mipaka, kutoka Bunagana na Cyanika, na Kiswahili cha Kikongo husikika humo kuliko mahali pengi pa Uganda. Mke wa sajini alikuwa amebandika kipande cha plasta ubavuni mwa kopo la mafuta, ukingo wake ukiwa sawasawa na usawa wa mafuta usiku ule wa Muhanga. Kila asubuhi alifungua boneti akaangalia. Asubuhi ya kurudi mafuta yalikuwa pale pale kwenye plasta. Mumewe alikuwa amenunua magunia matatu ya viazi kwa sababu ya urahisi wa bei. Mkewe aliwatazama watu watano waliopaswa kuingia garini, akaitazama njia ya Kanaba iliyopanda mbele yao, akarudisha gunia moja kwa mwenyewe na kuanza kudai fedha zake.